Mashine Iliyonguruma Stoo

Wabwile alifungua kufuli Jumanne alasiri akitaka jembe. Asilolijua ni kwamba nyuma ya mlango ule alikuwapo tajiri wake, Mzee Kemboi, ameuegemea kwa ndani. Ulipofunguka mzee akamwangukia miguuni, macho wazi, mwili umeshaanza kupoa. Stoo ilikuwa imejaa moshi. Katikati ya sakafu ilikaa mashine ya kukata nyasi, imezimika, kishikio chake kimefungwa kwa kipande cha blada, ule mpira wa ndani wa baiskeli, ili isizime mtu akiiachia. Mlango kwa ndani ulikuwa na mikwaruzo ya kucha.

Alipiga ukemi mpaka watu wa barabarani wakaja. Kabla jua halijazama alikuwa seli, mjini Kitale.

Na utawalaumu vipi? Ufunguo wa stoo ulikuwa mmoja tu, nao ulining'inia shingoni mwake. Mashine aliitunza yeye. Juma lililopita mzee alimgombeza mbele ya wageni, na jamaa wa marehemu walikuwa wamekwisha kuapa kuchoma nyumba ya Wabwile kule Sirisia. Ijumaa asubuhi angesomewa shtaka la mauaji.

Sajini Jepkorir, mpelelezi aliyepewa kesi, hakuipenda. Ugali unaoiva kabla maji hayajachemka, yeye haugusi.

"Ulikuwa wapi mchana?" alimuuliza Wabwile seli.

"Kipsongo, madam. Nilienda kula."

"Kula nini mpaka alasiri?"

Wabwile akainamisha kichwa. "Pombe, madam. Busaa. Na mimi ni shemasi kanisani. Ndio maana nilidanganya ile mara ya kwanza."

"Mwenye busaa atakutetea?"

"Huyo anauza kwa siri, aje kwa polisi aseme nini? Si atajishika mwenyewe?"

Kwa hiyo shahidi wake alikuwako, na hangekuja. Jepkorir akavuta kiti.

"Stoo uliiacha imefungwa?"

"Wazi. Mzee alisema anatafuta dawa ya kupe. Niliacha kufuli inaning'inia hapo. Nilirudi nikapata imefungwa, nikajua amemaliza."

"Mashine ilikuwa na petroli?"

"Kavu! Nikimaliza kukata natoa yote, petroli ikikaa sana inaharibika. Kwa chupa ya stoo kuna oili tu, namba thelathini. Hiyo inaingia chini kwa tumbo ya injini, unapima na kijiti, basi." Akaukamata mkono wa sajini ghafla. "Madam, hizi kuta. Nikifumba macho namsikia akikwaruza. Nitoe hapa, tafadhali, nitakuwa wazimu."

Jepkorir aliutoa mkono wake polepole akaondoka, na mlango wa chuma ulipobamizwa nyuma yake alishtuka.

Nyumbani kwa marehemu alianza na Kipchirchir, mwana wa mwisho, mwendesha bodaboda aliyekuwa hasalimiani na babake kwa sababu ya ugawaji wa shamba.

"Nilikuwa nimelala kwa nyumba yangu," alisema. Macho yalikuwa mekundu.

"Na hukusikia kitu?"

"Nilisikia mashine. Nikasema, Wabwile anakata nyasi. Nikageuka ule upande mwingine, nikalala."

Mtu mwenye kinyongo, asiye na shahidi, hatua chache tu kutoka stoo. Jepkorir alimtazama sana kabla ya kumwacha.

Jirani, Mama Nyaruai, alikuwa akianua nguo siku ile. "Niliona moshi wa samawati ukitoka chini ya mabati. Nikadhani ni takataka. Wabwile akikata nyasi sijawahi ona moshi kama huo, hata siku moja."

"Na kugonga, ulisikia?"

"Na kelele ya mashine? Wapi!"

Aliyebaki ni Mukhisa, mume wa Sandra, binti pekee wa marehemu. Mukhisa alikuwa na yadi ya mbao Bungoma, na mazishi yote yalikuwa mikononi mwake: hema, wapishi, ng'ombe. Kabla hajajua kuvaa koti alikuwa fundi wa pawa, ule msumeno wa petroli wa kuangushia miti, huko kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Kidole kimoja alikiacha huko.

"Jumanne nilikuwa yadi kutwa nzima," alisema. "Piga simu Bungoma uulize vijana wangu. Na huyo Wabwile mnamchunguza nini tena? Ufunguo si wake?"

Jepkorir alipiga simu. Vijana wote walijibu kwa maneno yaleyale, neno kwa neno. Shule ya nani hiyo, alijiuliza.

Kisha akaingia stoo. Alimwambia Konstebo Kipkorir awashe pikipiki nje mlangoni, afunge mlango, na amfungulie atakaposikia kugonga. Ndani hapakuwa na dirisha. Mkono wake uligusa chupa ya oili sakafuni, haina kifuniko. Akaanza kugonga. Akagonga kwa ngumi, akagonga kwa kiatu, akaita jina la Kipkorir mpaka koo likauma, na nje pikipiki inanguruma tu. Jasho lilimtoka. Alijua kabisa kwamba ni majaribio, kwamba mtu wake yuko pale nje, lakini hofu ilimpanda akajikuta anaukwaruza mlango palepale alipoukwaruza mzee.

Mwisho Kipkorir aliingiwa na wasiwasi akafungua mwenyewe kwa ule ufunguo wa Wabwile. "Haki sijasikia kitu, Sajini!"

"Na kufunga, umefunga kwa ufunguo huo?"

"Ufunguo? Nilibonyeza tu kufuli ikajifunga."

Jepkorir akaketi kwenye majani, akavuta pumzi. Kumbe ufunguo ulikuwa wa kufungulia tu. Kufunga, yeyote angefunga.

Katika tangi la mashine yalibaki matone. Aliyamimina kwenye sahani nyeupe akaianika juani. Petroli ikakauka yote, ikaacha utando wa oili, wa rangi ileile ya oili ya chupa. Aliutazama, akaifunika sahani, hakumwambia mtu.

Alhamisi ndiyo siku ya kuandaa boma. Kwa desturi hakuna mazishi nyasi zikiwa ndefu, na wana na wakwe huingia kazini bila kuambiwa. Jepkorir aliazima mashine ya Mama Nyaruai, ndugu ya ile iliyoua, tangi tupu. Kando yake akaweka mtungi wa petroli na chupa ya oili.

"Wabwile hayupo," alisema. "Mtasaidiana."

Kipchirchir alitangulia. Alimimina petroli kidogo tangini, akavuta kamba, mashine ikanguruma. Alikata mistari miwili, mashine ikazima.

"Petroli imeisha. Haya, shemeji naye!" akina mama wakatania. "Ama koti limekataa kazi?"

Mukhisa alicheka akavua koti. Huku akiongea na wapishi aliinua mtungi kuupima uzito, akafungua chupa ya oili, akatia kifuniko kimoja mtungini, na kingine. Akautikisa vizuri, akamimina tangini. Akavuta kamba.

Moshi wa samawati ukafumka.

"Ni huo!" Mama Nyaruai alipaza sauti akiwa uani kwake. "Huo moshi ndio wa Jumanne!"

Jepkorir akazima mashine kwa mkono wake. "Mbona umetia oili kwa petroli, Bwana Mukhisa?"

"Si lazima? Bila oili inaunguza pistoni. Kila mtu anajua."

"Kila mtu wa pawa. Pawa haina oili tumboni, kwa hivyo inakunywa pamoja na petroli. Hii ina oili yake chini. Wabwile anajua. Kipchirchir ametia petroli tupu, umemwona." Akafunua sahani. "Hii ilitoka kwa mashine ya stoo. Aliyeiwasha alikuja na petroli yake, akaokota chupa ya Wabwile, akachanganya kama ulivyochanganya sasa hivi."

"Ati kwa sababu ya oili? Wewe mama—"

"Na blada. Kipkorir!"

Konstebo alikuwa kwenye pikapu ya Mukhisa. Alikuja na mkanda wa blada wa kufungia mbao, na kile kipande kilichofunga kishikio mkononi. Ncha mbili zilizokatwa kwa kisu zikakutana, meno kwa meno. Hata mpasuko uliokuwa katikati ya raba uliendelea upande wa pili.

Sandra alikuwa amesimama na sufuria. "Baba Ivy," alisema taratibu, "Jumanne ulikuja umechelewa, ukaoga kabla ya kusalimia watoto. Ulikuwa wapi?"

Mukhisa alitazama lango. Askari walikuwa wamesimama hapo. Akatazama uani, na uani walikuwako shemeji zake.

"Miti ya shamba la mzee nilikuwa nimeshaiuza," alisema mwishowe. "Nilijua atakubali. Akakataa, akasema ataniita mbele ya ukoo aniaibishe. Nilimsukuma tu. Akaanguka pale stoo, nikaogopa atasema."

"Ukawasha mashine," Jepkorir alisema, "ili akigonga asisikike, na watu waseme Wabwile yuko kazini. Kisha ukabonyeza kufuli."

Kipchirchir alisogea mpaka akasimama uso kwa uso na shemejiye. Watu wakadhani atampiga.

"Aligonga?"

Mukhisa aliinama kuokota koti lake.

"Nimekuuliza, aligonga?"

"Aligonga."

Kipchirchir akakaa chini palepale kwenye nyasi.

Jioni Jepkorir alikwenda mwenyewe kumfungulia Wabwile. Alimkuta amesimama kwenye pembe, na hata mlango ulipofunguliwa hakusogea, mpaka sajini alipoushika kwa mkono wake usirudi. "Toka, mzee wangu. Haufungwi."

Ijumaa asubuhi Wabwile alirudi kumaliza nyasi, maana mazishi yalikuwa saa saba, na nusu ya boma ilikuwa bado haijakatwa. Katika mashine ya Mama Nyaruai alimwaga ile petroli iliyochanganywa na oili, akatia safi, akapima oili kwa kijiti. Mkono ulipokamata kamba, Kipchirchir alitoka nyumbani mbio, bila viatu, viganja masikioni.

"Usiwashe! Wabwile, nakuomba. Mimi niliisikia. Niliisikia nikalala."

Wabwile aliiachia kamba. Aliingia stoo, ambayo mlango wake ulikuwa umekwisha kung'olewa bawaba, akatoka na mafyekeo mawili. Moja akampa.

Walifyeka kwa mkono mpaka watu wa mazishi walipoanza kufika.