Kibanio cha Sikioni

Saa nane na robo mchana, mke wa fundi saa alirudi kutoka sokoni akamkuta mumewe amekufa kitini. Kimashine chake cha moyo kilikuwa mapajani, bado kinawaka. Waya ulipanda hadi sikioni, kibanio kimeng'ata ndewe, pale mwanamke anapovaa hereni.

Saa tisa, nesi aliyemletea kimashine hicho alikuwa na pingu mikononi.

"Ni huyu!" mdogo wa marehemu alifoka. "Kamtia kaka umeme mpaka kamuua!"

"Ni umeme kidogo tu, Mama," nesi alimlilia inspekta. "Unapita kwenye mshipa wa fahamu wa sikioni, unautuliza moyo. Alikuwa hawezi ngazi tatu, sasa anapanda zote!"

Inspekta, mama mtu mzima waliyemwita Bi Kitendawili kituoni, aliinama juu ya maiti. Katikati ya meno mlikuwa na uzi mwekundu. Mto wa kiti ulikuwa mwekundu.

"Kazibwa pumzi huyu. Funguo za hapa wanazo akina nani?"

"Mimi, shemeji na nesi," mke alisema.

Nesi alikuwa na kimashine kingine mkobani, cha kufundishia. Inspekta akakaa. "Haya, mmoja mmoja, nivisheni."

Mke alimlowanisha sikio kwa pamba, akabana kile kinundu kilicho mbele ya tundu la sikio. Nesi, alipofunguliwa pingu, akafanya vilevile. Shemeji akabana ndewe, pakavu.

"Kitendawili!" inspekta akasema.

"Tega," askari wake akaitika.

"Hakina meno, kimemng'ata mwongo."

Askari akatazama sikio la mkubwa wake. "Kibanio."

"Kaka yako alijivika mwenyewe miezi minne," inspekta alimwambia shemeji. "Fundi saa hakosei padogo hivyo. Aliyemvika leo hajawahi kufundishwa."

Mke alimgeukia. "Shemeji... ni ile kesi? Jumatatu angesema mahakamani nani aliyekuwa anaendesha gari, siku mtoto yule alipogongwa."

"Si angekufa tu!" shemeji alipiga kelele. "Daktari alisema hamalizi mwaka! Nilikuwa nangoja, shemeji. Nangoja kwa adabu zangu. Mkamletea kimashine!"

Walimshusha. Mke alisikiliza viatu vyake vikigonga ngazi, akizihesabu kwa midomo.

"Kumi na nane," alimwambia nesi. "Jana mume wangu alizipanda bila kupumzika. Akanicheka mimi ninayehema."