Sauti Ndani ya Mchezo Uliozimwa

Seva zilikuwa zimezimwa tangu asubuhi, lakini fundi alipoingia kuzikagua mchana, moja ilikuwa na joto kama mgonjwa wa homa. Waya wake wa umeme ulikuwa umelala sakafuni, haujachomekwa popote.

Zilikuwa seva za mchezo wa mtandaoni, ule ambao wachezaji hujenga miji na kuishi humo. Watu waliununua, wakaujenga miaka nenda miaka rudi, kisha kampuni ikaona faida imepungua, ikauzima. Hakuna aliyeachiwa hata tofali.

Jana yake, mshonaji mmoja alikuja mapokezi. Marehemu binti yake alikuwa amejenga nyumba ndani ya mchezo huo na kuitilia sauti yake: ukibisha hodi, anakukaribisha. Mama hakuwa na sauti nyingine ya mwanawe.

"Nipeni hiyo nyumba tu," aliomba. "Nitaiweka kwenye kompyuta yangu. Sitawasumbua tena."

Fundi alijua ni kazi ndogo mno. Mkurugenzi hakumpa mama hata kiti.

"Mama, hukununua mchezo. Ulinunua ruhusa ya kuucheza, na ruhusa inakwisha kesho. Masharti uliyakubali mwenyewe."

"Na mwanangu, naye ni masharti?"

Mkurugenzi akamwita mlinzi amtoe. Fundi, aliyekuwa pale pale, alirudi kazini na hasira yake.

Sasa, mbele ya seva ile ya moto, alisikia harufu ya nywele zilizoungua. Kisha sauti ya msichana ikatoka ndani ya chuma, taratibu: "Karibu. Mbona mlango haufunguki?"

Fundi alitoka mbio, akampigia simu shangazi yake, mganga aliyezoea mambo ya majini, akamweleza yote, hata habari za mshonaji. Shangazi alifika, akaweka kiganja juu ya seva, akakiondoa haraka.

"Huyu si mtoto," alinong'ona. "Mtoto amepumzika. Huyu ni jini. Wao hupenda makazi yaliyohamwa, na mji wenu watu walishaanza kuuhama. Alikuta sauti inayomkaribisha, akakaa. Nyinyi mmembomolea akiwa ndani."

"Anataka nini, shangazi?"

"Nyumba isimame tena. Mpeni yule mama, maana ndiye mwenyewe."

"Mali ya kampuni haitoki hapa," mkurugenzi alisema nyuma yao. Alikuwa ameshika nyundo. "Wala sitatishwa na bibi wa uganga. Nendeni nje."

Aliingia peke yake, akajifungia, na wale wawili waliobaki nje walisikia nyundo ikipiga mara moja tu, kisha hatua nyingi zikizunguka chumba ambacho kilikuwa na mtu mmoja, kisha sauti ya mkurugenzi ikifoka, ikibembeleza, ikififia kama ya mtu anayeburutwa kwenye korido ndefu isiyokuwemo ndani ya jengo lile, hadi kukawa kimya.

Walipovunja mlango walimkuta ameketi sakafuni, mzima wa mwili, midomo ikichezacheza bila kutoa sauti. Madaktari walimpima koo wasione kasoro.

Fundi hakuomba kibali cha mtu. Alichomoa diski ya seva, ambayo nyundo haikuifikia, akapita nayo mbele ya mlinzi, na mlinzi akageuza uso. Nyumbani kwa mshonaji aliuwasha mchezo kwenye kompyuta ya mama, kisha akawaonyesha na wachezaji wengine namna ya kuuendesha wenyewe. Kampuni ikamfukuza kazi. Hakujuta.

Siku iliyofuata mshonaji alimpigia.

"Fundi, nimemsikia binti yangu," alisema, kicheko na kilio vimechanganyika. "Kila nikibisha ananikaribisha." Kisha akashusha sauti. "Lakini kuna mwanamume huko nje ya nyumba. Simwoni, namsikia tu. Anagonga ukuta, anasema yeye ni mkurugenzi, kuna kitu kinamfuata. Analia. Nimfungulie?"

Fundi alimsikia pia, kwa mbali, kwenye simu.

"Usimfungulie," alisema, na akashangaa jinsi sauti yake ilivyokuwa tulivu.