Jumamosi za Mjomba Aiman

Kila Jumamosi asubuhi Salha alifagia ua, akaosha vyombo, kisha akabeba daftari lake la hesabu kwenda kwenye masomo ya ziada. Alikuwa darasa la saba, na mtihani wa mwisho ulikuwa umekaribia. Lakini kabla hajavuka mlango, mjomba wake alimwita.

"Salha! Pitia intaneti kwanza, uniwekee mahudhurio."

Mahudhurio! Mjomba Aiman, mdogo wake mama, alikuwa karani wa ofisi moja pale Dodoma. Mwaka ule alijiandikisha kusoma digrii kwa njia ya kompyuta, mambo mageni kabisa wakati huo. Mhadhiri aliweka swali, wanafunzi waliotawanyika mikoani wakajadiliana kwa kuandika, na kila aliyechangia alipata alama. Mjomba alizitaka alama, kusoma hakutaka. Jumamosi yake ilikuwa drafti kibarazani mpaka adhuhuri. Na jioni, bila haya, mtu huyohuyo alimkaripia Salha: "Mbona hesabu umekosa? Hujitumi wewe!" Mkuki kwa nguruwe!

Basi Salha alikwenda kwenye duka la intaneti hapo Chang'ombe ya Dodoma, akaingiza neno la siri la mjomba, akasubiri ukurasa ufunguke kwa kujikongoja. Majadiliano yote yalikuwa ya Kiingereza cha chuo, hakuyaelewa. Chini ya andiko la mwisho alinakili sentensi aliyopewa na mjomba, ileile kila wiki: nakubaliana kabisa na mwenzangu, tuendelee hivyohivyo. Kisha alikimbilia masomoni na kukuta nusu ya kipindi imekwisha.

Jumatatu moja jioni mlango uligongwa. Aliingia Bi Evodia, aliyesoma digrii hiyohiyo na mjomba. Salha alimwamkia shikamoo, naye akaitikia bila kumtazama.

"Aiman, una moyo wa namna gani? Bartolomayo, mwenzetu wa kule Kolo, kaandika kwamba amefiwa na baba yake. Sote tumempa pole. Wewe unamwandikia kwamba unakubaliana naye, tuendelee hivyohivyo!"

Mjomba alitoa macho. Kisha akamnyooshea Salha kidole. "Ni huyu mtoto! Hasomi anachoandika!"

Jamani! Amemwangushia mtoto jumba bovu! Salha alishikwa na hasira.

"Mjomba, kwani mimi ndiye niliyeko chuo? Ulinituma, nikaenda. Vipindi vyangu vinanipita kwa ajili yako, halafu leo ni mimi niliyemdhihaki mfiwa?"

"Nyamaza!" mjomba alifoka.

"Anyamaze kwa lipi?" Mama yake Salha, Bi Mwamvua, alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Kasema kweli tupu. Aibu yako, Aiman, usimvishe mwanangu. Jumapili tunakwenda Kolo kuhani msiba, mimi, wewe na Salha. Ukamwombe radhi mfiwa kwa kinywa chako."

Jumapili walipanda basi mpaka Kolo. Bartolomayo, mwalimu wa shule ya msingi, aliwakaribisha vizuri, akamsikiliza mjomba akieleza yote mpaka mwisho.

"Hapa kijijini hakuna kompyuta, ndugu yangu," alisema taratibu. "Kila wiki nadandia lori hadi Kondoa mjini nisome mnachoandika. Nilikuona unakubaliana nami kila mara, nikasema, angalau kule Dodoma ninaye mtu. Kumbe hakukuwa na mtu."

Mjomba aliinamisha kichwa, machozi yakamlenga. "Nisamehe, mwalimu. Nimekukosea, na huyu mtoto nimemkosea zaidi."

Bartolomayo alimgeukia Salha. "Wewe huna kosa, mwanangu. Ila siku nyingine ukiambiwa uandike kitu usichokielewa kwa jina la mtu mwingine, kataa kwa adabu." Kisha akamshika mjomba bega. "Dukani mtoto hutumwa, Aiman. Darasani hatumwi mtu. Ukitaka elimu, nenda mwenyewe."

Jumamosi iliyofuata Salha alibeba daftari lake, akasikilizia. Hakuitwa. Alipopita kwenye duka la intaneti alimwona mjomba akidonoa herufi kwa kidole kimoja, jasho likimtoka. Alikuwa akimwandikia mhadhiri kwamba michango yote ya nyuma haikuwa yake, afutiwe alama hizo aanze upya.

Salha alipita zake. Siku hiyo aliwahi kipindi tangu mwanzo.