Udongo Mwekundu wa Nyumba Namba 43

Mwahija alitumwa chumvi wakati wa magharibi, na chumvi hiyo ndiyo iliyomponza.

Ulikuwa mwaka wa operesheni ya kuhamishia watu vijijini. Lori liliwazoa Likawage na vyungu vyao, likawamwaga kijiji kipya karibu na Somanga, penye mchanga mweupe na nyumba za mstari, kila mlango namba yake ya chokaa. Wao walipewa 43. Mwahija wa miaka kumi na saba, na mama yake, Mastura. Basi.

Tangu wahamie, mama alikuwa akiamka amechoka. Si uchovu wa jembe la mchana, hasha! Anaamka hoi, viganja vina malengelenge, nyayo zimejaa udongo mwekundu. Na pale kijijini udongo mwekundu utautoa wapi? Uko Likawage, kwenye shamba waliloliacha, mwendo wa siku tatu kwa miguu.

"Mama, huwa unakwenda wapi?"

"Nimelala, mwanangu. Nimechoka tu."

Majirani walinong'ona: ndondocha. Mtu analimishwa na wachawi huku mwili umelala, mpaka siku moja harudi. Kwa hiyo kila jioni Mwahija alitia komeo mlangoni, akamwomba Mungu asimchukulie mama. Hakuwa na mwingine.

Magharibi ile ya chumvi alifika dukani. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," alijibu Bakary, muuza duka la kijiji. "Mama hajambo?"

"Kachoka."

Bakary alichana karatasi kwenye kitabu cha picha, akafunga chumvi. Kitabu kilitoka ndani ya robota la khanga za Japani, maandishi yake kama nyayo za kuku.

Nyumbani, Mwahija alifungua chumvi karibu na kibatari. Akaduwaa. Nyumba za mstari... Watu wasio na nyuso wanalima, na juu yao mashine za chuma zenye jicho moja zinawasimamia. Mlango mmoja ulikuwa na namba.

43.

Akaisogeza karatasi kwenye mwanga. Picha zilikuwa nne, akazifuata kama alivyofundishwa shuleni, kutoka kushoto. Wanawake wawili wanalima, mmoja mtu mzima, mmoja kijana. Kisha yule mtu mzima peke yake shambani. Kisha mlango wazi, komeo liko chini. Mwisho, mwanamke amelala kwenye mkeka, ametulia.

Anarudi! Anarudi kwa sababu mlango uko wazi. Kumbe mimi ndiye ninayemfungia nje, aliwaza, maskini wa Mungu. Usilolijua ni usiku wa kiza. Jioni ile hakutia komeo.

Alfajiri, mkeka wa mama ulikuwa mtupu.

Mchangani mlikuwa na nyayo zinazotoka. Za kurudi hazikuwepo.

Walimtafuta mpaka adhuhuri. Mwahija akaipeleka ile karatasi dukani, analia. Bakary aliitazama kitambo.

"Unaanzia wapi kusoma, mwanangu?"

"Hapa. Kushoto."

Bakary akateremsha kitabu, akamwonyesha jalada. "Hiki kinafunguliwa kama msahafu. Chuoni hukusoma wewe?"

Alisoma, juzuu tatu nzima! Lakini la shuleni ndilo lililomjia kwanza.

Akaanza upya, kutoka kulia. Mwanamke amelala. Mlango wazi. Mwanamke yuko shambani, peke yake. Picha ya mwisho, ile ya wanawake wawili, akaifunika kwa kiganja, hakutaka kuiona.

"Mlango nimeufungua mimi, mjomba."

Bakary alikifunga kitabu. Akakirudisha rafuni.

Jioni ile Mwahija alitia komeo, akaegemeza na kinu. Asubuhi komeo lilikuwa pale pale. Kinu pale pale. Lakini yeye aliamka hoi, mgongo hauinuki, viganja vinawaka moto. Akatazama miguu yake.

Myekundu.

Na begani... harufu ya mafuta ya nazi. Mafuta ya nywele za mama.

Angeogopa, lakini kuogopa kunataka nguvu, naye hakuwa nazo. Alilia kidogo kwa uchungu, na kidogo, wallahi, kwa furaha. Siku nzima hakunawa miguu.

Jua lilipozama alikiondoa kinu mwenyewe, akalitoa komeo, akaliweka chini. Akajinyoosha kwenye mkeka wa mama.

"Mama," alinong'ona, "leo usianze peke yako."