Nipo Begani

Majini ya watu wengine yana adabu, hungoja giza. Jini la Kishada lilikuja mchana kweupe, mbele ya timu nzima ya raga ya shule, jua likichoma visogo vya watu. Aliyeliona siku hiyo ni mtu mmoja tu, kocha, naye akajifanya hakuona.

Kocha alikuwa mwalimu wa hesabu, mwenye goti bovu na mdomo usiopumzika. Kishada alikuwa mpwa wake, mtoto wa pekee wa dada yake, mjane aliyewalisha wote wawili kwa cherehani. Jina la Kishada wenzake walimpa kwa wepesi: ukimrukia hapa, yeye keshapeperuka kule, na wewe unatafuna vumbi. Shule ile haikuwa imewahi kuwa na mchezaji wa namna ile. Mabeki wa shule jirani walikuwa wakisikia jina lake wanaanza kuuliza kama kuna mtu wa kubadilishana naye zamu.

Sasa, kwenye raga mpira hautolewi mbele. Unatolewa nyuma, kwa mwenzako anayekufuata begani. Kocha alikuwa na mtindo wake wa kufundisha jambo hilo, na alijivunia mtindo huo kuliko cheti chake cha ualimu. Anayefuata apige kelele, "Nipo!" Mwenye mpira, akisikia tu, atoe hapo hapo bila kugeuza shingo.

"Ukigeuka umekabwa!" aliwafokea kila jioni. "Sauti ikisema 'Nipo,' toa! Ni ndugu yako huyo. Ndugu hachunguzwi!"

Aliwafunga vitambaa machoni, wakakimbia na kupeana mpira kwa sauti tupu, wakagongana vichwa, wakacheka, mpaka mikono ikazoea kutoa kabla akili haijaulizwa. Wa kwanza kuzoea alikuwa Kishada.

Basi siku moja ya mazoezi ya mchana Kishada akawachomoka wote, akabaki peke yake pembeni mwa uwanja, wenzake nyuma kule wanahema. Kocha akamwona ananyoosha mikono kulia na kutoa mpira kwenye hewa tupu. Akafungua mdomo amtukane kidogo. Mpira haukuanguka. Ulikwenda sambamba naye, usawa wa kifua cha mtu, halafu ukarudi mikononi mwake taratibu, naye akavuka mstari akauweka chini.

"Jua hili," kocha alijiambia, akafikicha macho.

Wakati wa kukusanya mipira Kishada alimsogelea. Jezi yake ilikuwa inanuka maji ya kisima kilichofunikwa miaka mingi, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu muhula uanze.

"Mjomba, nani alikuwa kulia kwangu? Sauti yake siijui."

"Uwanjani mimi ni kocha," alisema mjomba. "Na nyinyi wote mnapiga kelele kama kuku wenye mwewe. Nitajua ya nani? Nenda kaoge."

Toka siku hiyo Kishada hakukamatika. Na hata aliyemkamata alijuta. Beki mmoja, pande la mtu, alimkumbatia kiunoni akamwachia ghafla kama aliyeshika pasi ya moto, akakaa chini analia mbele ya mashabiki wa shule yake. Walipomuuliza alisema nimeshika wawili. Watu wakamcheka wakasema visingizio havina kodi. Timu ikashinda mechi baada ya mechi, mwalimu mkuu akaanza kumsalimia kocha kwa mikono miwili, na kocha, binadamu ni binadamu, akavimba kichwa.

Nyumbani ndiko mambo yalikokuwa yanaharibika. Dada yake alimfuata shuleni siku moja, sindano bado imechomekwa kifuani mwa gauni, akamvuta nyuma ya madarasa.

"Mwanao anakula sahani mbili na mbavu zinazidi kutokeza," alinong'ona. "Asubuhi anafunga viatu anasema, 'Haya, chukua.' Anamwambia nani? Chumbani yuko peke yake."

"Dada, vijana huongea wenyewe. Mazoezi yamekuwa makali."

"Usinifanye mjinga. Jana amesimama mbele ya picha ya babake ukutani. Akaniuliza, 'Mama, huyu mwanamume ni nani?' Nikadhani utani, nikamtania na mimi. Hakuwa anatania."

Kocha alimwita Kishada kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wengine wakiwa wamekwenda. Kijana alikaa kwenye benchi, magoti pamoja, amekonda mpaka masikio yanaonekana makubwa. Ile harufu ya kisima ilikuwa imejaa chumbani ingawa madirisha yote yalikuwa wazi.

"Inasema 'Nipo,' Mjomba," alisema polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Nikisikia tu, mikono inatoa yenyewe. Si ndivyo ulivyotufundisha?"

"Unatoa nini, na huna mpira?"

"Nilichokuwa nacho. Kama nilikuwa nafikiria chakula, natoa ladha yake. Siku ile nilikuwa namfikiria Baba, nikamtoa Baba. Mpira huwa inaurudisha. Hivi vingine hairudishi."

"Basi usitoe! Kaza mikono!"

Kishada alimtazama kwa huruma, yeye mtoto akimhurumia mkubwa. "Nimejaribu, Mjomba. Nashindwa. Naogopa sana."

Hapo ndipo mtu mwenye akili zake angemshika mtoto mkono akatafuta msaada siku hiyo hiyo. Lakini fainali ilikuwa Jumamosi. Kocha alimpangusa machozi, akamwambia vumilia hadi Jumamosi, tukimaliza tu nitalishughulikia mwenyewe. Tamaa mbele, mauti nyuma. Msemo huo aliwahi kuuandika ubaoni yeye mwenyewe, alipoitwa kushika kipindi cha mwalimu mgonjwa.

Wakashinda. Kishada aliuvuka mstari mara nyingi hata wapinzani wakaacha kumkimbiza, wakasimama wakimtazama tu. Watu wakamwagika uwanjani. Mama yake akapenya katikati yao, akamkumbatia mwanawe, akalia kwa furaha, na kwa hofu pia, kwa sababu alikuwa amekumbatia mifupa. Kishada, kidevu juu ya bega la mama, alimtafuta mjomba kwa macho, akamwuliza bila sauti, midomo tu ikicheza:

"Huyu mama anayelia ni nani?"

Kombe lilikuwa mikononi mwa kocha. Hakukumbuka baadaye alimpa nani.

Mganga waliyeelekezwa alikuwa msusi. Mchana anasuka nywele, na elimu ya majini ameirithi kwa shangazi yake. Aliwasikiliza huku akimalizia kichwa cha mteja, kitana kati ya meno. Kishada alikaa kwenye kiti cha plastiki, akimtazama mama yake kwa heshima, kama anavyotazamwa mgeni. Msusi alimwinamia shingoni, akanusa, na uchangamfu wote ukamtoka usoni. Akamwambia mteja rudi kesho.

"Huyu hajapandwa," alisema. "Jini likimpanda mtu nalifukuza mimi, nimeshafukuza mengi yenye majina marefu. Huyu anatoa mwenyewe, kwa hiari ya mikono yake. Kimebaki kidogo. Nani alimfundisha kutoa bila kutazama?"

Dada alimgeukia mdogo wake, akamkazia macho, na kocha angeona afadhali apigwe kofi.

"Basi wewe ndiye utakayempokea," msusi alimwambia kocha. "Kesho adhuhuri, uwanjani kwenu. Utakimbia begani mwake. Atatoa kilichobaki, nafsi yenyewe. Ukiipokea wewe, unamrudishia, na lile jini halina njia tena. Akishatoa, kwako au kwa lile jini, ataanguka. Sasa nisikilize vizuri. Akianguka nitakuuliza, 'Umepokea?' Kama hujapokea, sema hujapokea. Usione haya, usimwonee mtu huruma. Nitamziba macho na masikio kabla hajaamka, jini lisiingie, tutaanza upya, siku nyingi ikibidi. Ukinidanganya nitafunga dawa yangu, na nikishafunga nimefunga. Atakayeinuka ndiye atakayebaki."

Kesho yake uwanja ulikuwa mtupu, nyasi zimekauka, vivuli vimejificha chini ya miguu ya watu. Msusi alichora mstari wa majivu akasimama nyuma yake. Mama alisimama kando, kitambaa cha kichwa amekivua amekikamata kwa mikono miwili. Kishada alifungwa macho. Mjomba alimgusa bega la kushoto.

"Nitakuwa hapa," alinong'ona. "Sikiliza mimi tu."

"Sawa, kaka," alijibu Kishada kwa upole. Hata mjomba alikuwa ameshatolewa.

Wakaanza kukimbia. Goti la kocha lililia kwa kila hatua lakini alipiga moyo konde, akakaa begani mwa kijana, akisikia pumzi zake, na baada ya kitambo akasikia pumzi nyingine upande wa kulia, nzito, yenye maji ndani yake, na nyayo ambazo hazikuinua vumbi bali zilikwama na kuchomoka kana kwamba zinakanyaga tope, na ile harufu ya kisima ikamjaa mdomoni mpaka akataka kutapika, naye akajua kwamba asipoita sasa hivi ameshamkosa, akavuta pumzi yote iliyobaki kifuani, akafungua mdomo aseme neno lile moja alilowafundisha watoto wa watu mwaka mzima, na kabla ulimi haujagusa kaakaa akasikia sauti yake mwenyewe, ya kwake kabisa, yenye mkwaruzo wake na ukali wake, ikisema kutoka upande wa kulia:

"Nipo!"

Mikono ya Kishada ilikwenda kulia. Alitoa taratibu, kwa uangalifu, kama mtu anayempa mwenzake mtoto mchanga. Kisha akaanguka kifudifudi.

Kocha alipiga magoti. Mikono yake mwenyewe ilikuwa mitupu, aliiona mitupu. Pumzi ile nzito ilikuwa imenyamaza.

"Umepokea?" msusi alipaza sauti kutoka mstarini.

Kocha aliinua kichwa, akakutana na macho ya dada yake. Alikuwa amekikaza kile kitambaa kifuani, na uso wake wote ulikuwa unaomba neno moja. Dada huyu ndiye aliyemlea. Dada huyu ndiye aliyeacha shule ili yeye asome. Angemwambiaje kwamba mikono yake imerudi mitupu, na kwamba mtoto ameitwa kwa sauti ya mjomba wake?

"Nimepokea," alisema.

"Una hakika?"

"Nimepokea!"

Msusi alifunga dawa yake. Kishada akajigeuza, akavua kitambaa machoni mwenyewe, akaketi. Aliwatazama mmoja mmoja, akatabasamu.

"Mama," alisema. "Nina njaa."

Mama alipiga kigelegele kilichokatika katikati kwa kilio. Alimbusu kichwa, mikono, hata vile viatu vyenye vumbi. Kocha naye alilia, akajiambia labda alipokea kweli, labda kitu kama hicho hakionekani mikononi. Mtu akitaka kujidanganya hakosi ushahidi.

Kijana alinenepa. Aliijua picha ya babake, akamtaja kwa jina, aliwajua wenzake wote na vituko vyao. Akawa na adabu mpaka majirani wakawa wanamtolea mfano kwa watoto wao. Anatandika kitanda, anaosha vyombo bila kutumwa, anaitikia akiitwa mara ya kwanza. "Ugonjwa umemfunza," walisema.

Muhula mpya ulipoanza alirudi mazoezini. Kocha alimtazama akikimbia, akaona jambo lililomkausha mate: Kishada hakumpa mtu mpira. Wenzake walimpigia kelele kushoto na kulia, wakamlaumu, yeye akaenda na mpira peke yake mpaka mwisho. Mazoezi yalipokwisha, wawili tu wakiwa uwanjani, kocha alijikaza akakimbia nyuma yake kwa goti lake bovu.

"Nipo!"

Kijana alisimama. Akageuka, taratibu, jambo ambalo Kishada hakulifanya hata mara moja tangu alipofunzwa. Aliushika mpira kifuani kwa mikono miwili.

"Mimi sitoi," alisema kwa upole. "Mimi hupokea tu. Wewe si unajua? Ulikuwepo."

Upepo ulitoka kwake ukampiga kocha usoni, na ndani yake mlikuwa na ile harufu ya kisima.

Alikwenda kwa dada yake akichechemea njia nzima, hasalimii mtu. Alimkuta kwenye cherehani, anashona suruali ya shule, mpya, kubwa kuliko ya zamani. Alifunga mlango.

"Dada, nilikudanganya. Sikupokea. Siku ile mikono yangu..."

"Najua," alisema dada bila kuinua macho.

"Unajua?"

"Mwanangu hajakunja shuka hata siku moja tangu nimzae. Mwanangu akilala anarusha mateke, godoro linahama. Huyu analala chali, mikono imenyooka, kama mtu aliyeelezwa watu hulalaje." Aliendelea kukanyaga cherehani. "Namchungulia kila alfajiri. Akijua nachungulia anaanza kukoroma."

"Na umenyamaza! Twende kwa yule msusi, tupige magoti, pengine..."

"Nilikwenda." Cherehani ilisimama. "Amesema aliyefungiwa nje amefungiwa nje. Kinachoweza kufanyika sasa ni kumtoa huyu, na akitoka anauacha mwili chini kama nguo. Nizike." Hapo ndipo alipomtazama mdogo wake, na macho yake yalikuwa makavu. "Sina mwingine. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Huyu ana uso wake. Ana sauti yake. Nikiita, kinaitika."

"Dada, kile si mtoto."

"Kinaniita Mama," alisema. "Wangu alikuwa ameacha."

Kocha alisikia viatu vya raga vikivuliwa nje mlangoni, vikipangwa sawasawa kimoja kando ya kingine. Dada yake alijifuta uso haraka, akakunja ile suruali, akamwonyesha kwa kidole akae na atabasamu. Mlango ukafunguka. Kijana aliingia, akainamisha kichwa kwa heshima, akasubiri.

"Shikamoo, Mjomba."

Mama alikuwa anamtazama mdogo wake kwa macho yale yale ya adhuhuri ile.

"Marahaba," alijibu kocha. "Karibu ukae, mwanangu."