Masikio na Miwani

"Dada, usiichukue hiyo."

Aligeuka. Duka la vifaa vya sauti lilikuwa limejaa hadi mlangoni, Jumamosi saa sita mchana. Spika tatu zilikuwa zikigombana kwa nyimbo tatu tofauti, feni ya darini ikihamisha joto kutoka kona hii kwenda kona ile, na watu wakipitishiana pesa na risiti juu ya vichwa vya wenzao. Aliyemsemesha alikuwa mwanamume mrefu, shati la kijani limefungwa vifungo mpaka shingoni, miwani ya fremu nyembamba puani, mkononi ameshika waya uliokatika.

"Samahani?"

"Hiyo yenye taa za bluu. Usiichukue kabla hujaisikiliza vizuri."

"Nimeshaisikiliza. Ndiyo nzuri kuliko zote."

"Ndiyo yenye kelele kuliko zote. Kelele na uzuri ni vitu viwili."

Muuzaji, aliyekuwa ameshaanza kuandika risiti, akamkata jicho. "Kaka, wewe una duka lako mtaa wa pili. Hili niachie mimi."

Dada huyo alikuwa amevaa gauni la zambarau la mikono mipana, na kwapani amebana hedifoni aliyoifunga kwenye taulo kama mtoto mchanga. Kazi yake ilikuwa kuwasikiliza watu asiowajua. Ofisi yao ilipokea rekodi za vikao, mahojiano na mashauri, naye akaandika kila neno lililosemwa. Kwa miaka minne alitumia vijispika vya masikioni vilivyokuwa vikifa kila baada ya miezi miwili, mpaka studio moja ilipofungwa na kuuza vyombo vyake. Akajinyima, akanunua hedifoni ya maana: nzito, ya vikombe vya kitambaa laini, ya watu wanaojua wanachosikiliza. Alipofika nyumbani akaichomeka kwenye simu. Watu wote wakasikika kama wamefunikwa godoro.

"Hedifoni kama hii simu haiiwezi," aliambiwa. "Inataka amplifaya ya kuisukuma." Hedifoni ilikuwa imeshamkausha mfuko, na amplifaya hiyo ya taa za bluu ingemla mpaka nauli ya mwezi.

"Kwani wewe unafanya kazi gani?" alimuuliza yule wa miwani.

"Napima macho."

"Sasa macho na masikio wapi na wapi?"

"Mtu akikaa kwenye kiti changu simwambii kioo kipi ni ghali. Nambadilishia tu, yeye ananiambia kipi anaona nacho. Hebu fumba macho."

"Nifumbe macho mbele ya mtu nisiyemjua, katikati ya duka?"

"Mkoba ushike kwa mikono miwili, basi."

Akajikuta anacheka. Akafungua taulo, akavaa hedifoni, akaweka rekodi ya mwanamke aliyekuwa akisoma taarifa ukumbini. Mpima macho akatoa kwenye rafu ya chini amplifaya nyingine, kiboksi cheusi kilichojaa vumbi, kidogo kama sahani ya sabuni, akakipangusa kwa shati lake. Muuzaji akaguna. Kabla ya yote mpima macho akapunguza sauti ya ile kubwa, akapandisha ya ile ndogo, mpaka zikalingana.

"Hii ikisikika juu kuliko ile, umeshashindwa kuchagua," alisema. "Fumba. Ya kwanza." Akahamisha waya. "Ya pili."

Katika ya kwanza sauti ilikuwa nene, tamu, lakini nyuma yake kulikuwa na mvumo, kama mafuta yanayochemka jikoni kwa jirani. Katika ya pili mvumo haukuwepo. Alimsikia yule mama akimeza mate kabla ya kusoma tarakimu. Alisikia karatasi ikigeuzwa.

"Ya pili."

"Rudia. Nimezichanganya. Ya kwanza... ya pili."

"Ya kwanza."

Mara tatu, na mara zote tatu alichagua ileile. Alipofumbua macho, waya ulikuwa umechomekwa kwenye kiboksi cha vumbi. Bei yake ilikuwa theluthi ya bei ya ile ya taa.

"Leo nimeharibiwa biashara," muuzaji alisema, akachana risiti ya kwanza.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, mpima macho alimwandikia namba yake nyuma ya risiti mpya. "Kikikusumbua nipigie."

"Na kisiponisumbua?"

"Nipigie uniambie hakikusumbui."

Hakikumsumbua. Alimpigia Jumatatu.

Kufikia mwezi wa pili alikuwa haitwi tena jina lake. Alikuwa Masikio. Naye mpima macho akawa Miwani. Walikutana mchana kwenye benchi la nje ya duka lake, kila mmoja na chakula chake kwenye kopo, wakichunguliana.

"Masikio, wewe wali kila siku?"

"Wewe mkate kila siku. Nimesema neno?"

"Mimi mtu akinipikia nitabadilika."

"Basi mtafute huyo mtu."

"Nimeshampata. Ananinyima wali."

Miwani alikuwa amemweleza kwamba anaishi na bibi yake mzaa mama, ambaye ndiye aliyemlea. Masikio naye alimweleza kidogo kuhusu yule mtu wa zamani: miezi saba ya "mpenzi wangu" na "roho yangu," hadi siku mwanamke alipopiga simu kutoka mji mwingine akauliza kwa adabu kabisa, "Samahani dada, mume wangu yuko hapo?" Miwani alimmenyea chungwa, akampa pande moja moja mpaka likaisha.

Kila asubuhi, kabla hajatoka nyumbani, Miwani alimtumia ujumbe wa sauti. "Umeamkaje, kipenzi? Leo nina watoto wa shule kumi na wawili, wote wanataka miwani ili wafanane na mwalimu." Mambo madogo kama hayo. Masikio aliusikiliza njiani, simu sikioni, akitabasamu peke yake.

Jumanne moja alichelewa kuusikiliza. Alifika ofisini, akakaa mezani, akachomeka simu kwenye kiboksi cheusi na kuvaa hedifoni ili aanze kazi. Akaufungua ujumbe kwanza. Sauti ya Miwani ikamjaa kichwani, karibu kana kwamba amemkalia begani. Alisikia kitana kikipita kwenye nywele zake. Na nyuma yake, mbali, chumba cha pili labda, alisikia kitu ambacho simu isingemletea kamwe.

"Mume wangu, chai inapoa."

Sauti ya mwanamke. Laini, changa, yenye mahaba.

Akarudisha nyuma. Sekunde ya kumi na tisa. Akarudisha tena. Mume wangu, chai inapoa. Alisikiliza mara kumi na moja, kisha akavua hedifoni na kuiweka mezani polepole.

Mchana hakwenda kwenye benchi. Miwani akapiga. Hakupokea. Akapiga tena jioni.

"Masikio, uko salama?"

"Niko salama. Kazi nyingi tu."

"Kesho je?"

"Kazi nyingi."

"Nimekukosea?"

"Nimesema kazi nyingi, jamani."

Siku ya nne Miwani aliandika: *Wali wako naukumbuka kuliko unavyodhani.* Masikio aliusoma mara mbili, akafuta. Siku ya sita hakukuja kitu. Nyumbani mama yake alimuuliza kwa nini amenuna kama mtu aliyeng'olewa jino, naye akajibu kwamba ni jino kweli.

Siku ya tisa bosi wake, mwanamke mfupi anayetembea na kalamu nyekundu nyuma ya sikio, alivuta kiti akaketi kando yake na karatasi mkononi.

"Shauri hili la ajali ya baiskeli. Umelisikiliza mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa hedifoni yako hiyo ya kutambia?"

"Ndiyo."

"Umeandika, 'Akanipiga, nikaanguka.' Hebu sikiliza tena."

Akavaa. Mzee aliyerekodiwa alizungumza taratibu, wala hakuwa na kigugumizi. *Akanipita, nikaanguka.* Akanipita. Ilikuwa wazi kama maji kwenye glasi.

"Kwa herufi moja ulitaka kumfunga mtu," bosi alisema, bila kupandisha sauti. "Kifaa chako ni kizima. Ni wewe uliyeketi hapo ukiwa umekasirika tayari, ukimngoja mtu apige." Akachomoa kalamu, akasahihisha, akaondoka.

Masikio alibaki anaitazama herufi ile nyekundu. Maneno ya Jumanne aliyasikia vizuri, hakuyaongeza wala kuyapunguza. Lakini aliyeyasema hakumjua, na hakuuliza. Alichukua mwanamke wa simu ya zamani akamweka kwenye kile chumba cha pili, akamfungia mlango humo.

Saa kumi na moja, ofisi ilipokuwa tupu, alipiga.

"Masikio!" Kitu kilianguka upande wa pili, kama sufuria. "Haloo? Usikate, niko hapa."

"Nina swali moja. Unijibu, kisha ukitaka unitukane."

"Uliza."

"Nani anakuita mume wangu?"

Akasikia sufuria ikiokotwa.

"Nani kakwambia hilo?"

"Nimesikia mwenyewe. Ujumbe wa ile Jumanne. Sekunde ya kumi na tisa. 'Mume wangu, chai inapoa.' Na usiniambie ni redio, mimi redio naijua."

Akasikia pumzi, kisha kicheko ambacho mwenyewe alikuwa anajaribu kukibana na kinamshinda. Moyo wake ukamlipuka kwa hasira.

"Unacheka?"

"Samahani. Samahani, kipenzi. Ngoja, usikate." Hatua, mlango ukilia bawaba. "Mke wangu! Njoo, kuna mtu anakutafuta kwenye simu."

Na sauti ileile, laini, changa: "Haloo. Nani huyo anamtaka mume wangu?"

Masikio aliibana simu sikioni.

"Haloo? Mbona hasemi? Mwanangu, mimi nina miaka themanini na moja, nikisimama sana magoti yanagoma. Sema upesi."

"Bibi?" alisema Masikio.

"Bibi yake ndiyo, wa kumzaa mama yake. Aliyenioa kwanza ametangulia mbele za haki, nikabaki na huyu. Hapati raha, simpi nafasi. Na wewe ndiye Masikio? Ndiye uliyemnyima chakula siku tisa? Mume wangu amekonda mpaka shati linamvaa!"

Bibi zake Masikio wote wawili walikufa kabla hajazaliwa. Hakuna aliyewahi kumtania hivyo yeye wala kaka zake, na haikumpitia akilini kwamba sauti ya mtu inaweza kubaki ya msichana miaka sitini baada ya mwili kuchoka. Aliketi kwenye kiti cha bosi, akalia na kucheka kwa pamoja, na simu ilipomrudia Miwani hakuweza kusema ila, "Nilidhani..."

"Najua ulichodhani."

"Heri ningekuuliza siku ileile."

"Ungeniuliza. Siku tisa, Masikio! Nimempima mzee mmoja macho, nikampa miwani ya mkewe."

"Umekasirika?"

"Nimekasirika kidogo. Itanichukua kama wali mara tatu."

Jumapili mchana Masikio alikwenda kwa kina Miwani na sufuria nzima ya wali. Alivaa gauni la njano lililompendeza mpaka akajishangaa kwenye kioo, na hereni ndogo za mama yake. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na ua wa saruji uliofagiwa, nguo zimeanikwa kwa mpangilio wa rangi. Bibi alikuwa mdogo kama mtoto wa darasa la tatu, amekaa kwenye kiti cha plastiki na mto mgongoni. Alimshika mkono Masikio, akamgeuza huku na huku kama anayechagua kitambaa.

"Huyu ndiye mke mwenzangu?"

"Ndiye, bibi," alisema Miwani.

"Nilidhani utaniletea mbaya nipate pa kusemea." Akaonja wali. Akatafuna muda mrefu, wote wawili wakimtazama mdomo. "Chumvi imetosha. Haya, mchana uwe wako, lakini chai ya asubuhi ni yangu. Hapo hatuelewani."

"Chai ni yako, bibi," alisema Masikio.

Walikula, wakaosha vyombo uani, yeye akisuuza, Miwani akipangusa. Bibi alisinzia kwenye kiti chake, akiamka mara moja moja kuuliza kama mgeni ameondoka. Jua lilipoanza kulegea Miwani alimsindikiza. Walipita mafundi viatu, wakapita kinyozi aliyekuwa anafunga, wakapita watoto waliochora mistari ya kurukia barabarani, na muda wote huo Miwani hakutania hata mara moja. Kwenye kona alisimama.

"Mimi sijui kuzungushazungusha," alisema. "Zile siku tisa nilijifunza kitu kimoja: sitaki ya kumi. Nataka nije kwenu, nijulikane. Nikuoe, kama utakubali."

Masikio alitazama viatu vyake, akatazama mistari ya watoto.

"Jumamosi mama yuko nyumbani," alisema. "Njoo saa nne. Uje na mtu mzima wa kukusemea, usije na maua, yanampigisha chafya. Na usimwambie habari za sekunde ya kumi na tisa. Nitamwambia mwenyewe nikizeeka."

Miwani alivua miwani yake, akaipangusa, akaivaa tena, kana kwamba hakumwona vizuri.

"Hiyo ni ndiyo?"

"Hiyo ni saa nne kamili," alisema Masikio, akaingiza mkono wake kwenye mkono wa Miwani. "Ukichelewa utamkuta ametoka."