Mluzi wa Babu Merv

Kila alasiri akitoka shule, Tahlia alipitia karakana ya shangazi yake Narelle, katika mji wa Mackay. Kazi yake ilikuwa kufagia, na kugeuza ncha ya kukatia kwenye mashine ya kukerezea chuma. Ncha yenyewe ni ndogo kama peremende, ina pembe nne. Pembe moja ikichoka, unaitia doa jekundu la kalamu, kisha unageuza nyingine. Sheria hiyo aliiweka marehemu Babu Merv, na hakuna aliyethubutu kuivunja.

Siku hiyo Tahlia alikuwa na pai ya nyama mkononi, na akili yote iko kwenye pai. Aliitoa ncha, akaifuta, akairudisha bila kutia doa. Je, aliigeuza kweli? Hakuwa na hakika, akanyamaza.

Shangazi akawasha mashine. Mhimili wa chuma kigumu ukaanza kuzunguka. Mgodi wa makaa uliungojea, na haukuwepo mwingine. Mara ukasikika mluzi mwembamba, ukipanda na kushuka. Tahlia aliacha kutafuna. Ulikuwa mluzi aliokuwa akiupiga Babu Merv kazini, naye walimzika wakati wa Pasaka.

Shangazi naye aliusikia, maana aligeuka akatazama kiti kitupu cha mzee. Ukutani, kifaa kinachosikiliza mashine na kubashiri ncha itadumu hadi lini kikawaka taa nyekundu.

"Hicho nacho kimerukwa na akili," Shangazi alisema, macho bado kwenye kiti. "Ncha si umeigeuza sasa hivi?"

Tahlia aliitikia kwa kichwa. Mluzi ukapanda zaidi. Shangazi akainamia chuma atazame, uso karibu na ncha, na Tahlia akaogopa kuliko alivyouogopa mzimu.

"Zima, shangazi. Sikutia doa. Nadhani nimerudisha pembe iliyochoka."

Mashine ikazimwa, na mluzi ukafifia taratibu. Chini ya lenzi, pembe ilikuwa imelika na kuingia ufa. Mhimili ulikuwa salama.

"Kumbe babu amekuja kutuonya," Tahlia alinong'ona.

"Ametuonya zamani, mwanangu. Ule haukuwa wimbo wake. Ndivyo ncha inavyolia ikikaribia kuvunjika. Aliuiga mlio huo ili masikio yetu yauzoee, na sisi tukadhani mzee ana furaha tu." Shangazi akampa kalamu nyekundu. "Chuma kimesema, kifaa kimesema. Uliyenyamaza ni wewe. Kusahau doa ni jambo dogo, lakini mficha maradhi, kilio humfichua."

Tahlia akatia doa, akageuza pembe nzima. Mashine ikawashwa tena, na wote wawili wakasimama wakisikiliza.